Wilaya Husomwa kwa Vinavyoivuka: Utangulizi wa Jiografia na Uchumi wa Boquete

Mwanafunzi anayeingia katika jiografia ya uchumi kwa kawaida hupewa nchi nzima aanze nayo: pato la taifa, idadi ya watu, mazao makuu matano, na ramani iliyopakwa rangi. Akimaliza anakuwa na takwimu tele, lakini ukimwuliza kwa nini shamba hili lina kahawa na lile la jirani lina ng'ombe, anabaki akikuna kichwa. Utangulizi huu unamkaribisha kwa mlango mdogo zaidi. Tutachukua wilaya moja ya wakulima, tuizunguke polepole, na kuona ni maswali gani yanazaliwa njiani.

Wilaya yenyewe ni Boquete, katika mkoa wa Chiriquí, magharibi mwa Panama, jirani na mpaka wa Costa Rica. Ni ndogo. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 500, na sensa ya 2010 ilihesabu wakazi zaidi kidogo ya 21,000. Ilitangazwa kuwa wilaya mwaka 1911, na leo ina kata sita: Bajo Boquete, ambayo ndiyo makao makuu, pamoja na Alto Boquete, Caldera, Jaramillo, Los Naranjos na Palmira. Kwa ukubwa huo, mtu mmoja mwenye miguu mizuri na subira anaweza kuifahamu yote. Hata hivyo, kahawa inayotoka kwenye miteremko yake imevunja rekodi za bei duniani, na mbegu ya kahawa hiyo ilipitia Kilimanjaro kabla ya kufika huko.

Hoja nitakayoifuata ni hii: vingi vinavyoifanya Boquete iwe jinsi ilivyo vimetoka nje ya mipaka yake. Manyunyu yake hutoka bahari ya upande wa pili wa milima. Mbegu yake ilitoka Afrika. Wachumaji wake hutoka eneo jingine la utawala. Wanunuzi wa mazao yake, na siku hizi hata wanunuzi wa ardhi yake, hutoka ng'ambo. Mpaka wa wilaya humfaa karani wa sensa na mkusanya kodi. Mwanajiografia huutumia kama kizuizi cha barabarani: anasimama hapo na kuhesabu kinachoingia na kinachotoka.

Mlima, upepo na manyunyu

Tuanze na umbo la nchi, kwa sababu ramani ya Panama huwahadaa wengi. Nchi hii imelala kutoka mashariki kwenda magharibi. Bahari ya Karibi iko kaskazini yake, na Pasifiki iko kusini. Katikati hupita uti wa milima unaogawa maji: tone linaloangukia upande mmoja huishia Karibi, na linaloangukia upande wa pili huishia Pasifiki. Boquete iko upande wa Pasifiki, chini kidogo ya uti huo.

Magharibi mwa wilaya umesimama Volcán Barú, mlima mrefu kuliko yote Panama, wenye mita 3,474. Anga likiwa safi, aliye kileleni huziona bahari zote mbili. Ni volkeno iliyolala tu. Wataalamu huweka mlipuko wake wa mwisho katika karne ya 16, na mwaka 2006 mfululizo wa mitetemeko midogo uliwafanya watu waanze tena kuuzungumzia. Mto Caldera umechimba bonde mashariki mwa mlima huo, na mji wa Bajo Boquete umekaa kwenye sakafu ya bonde, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa mjini, kila upande ni mteremko, isipokuwa kusini ambako bonde linafunguka kuelekea nyanda za chini na jiji la David.

Sasa upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, msimu ambao kwetu pwani huvuma kaskazi, Amerika ya Kati hupigwa na ndugu yake: pepo za kudumu za kaskazini mashariki zinazovuka Bahari ya Karibi. Pepo hizi hufika zikiwa zimebeba unyevu, hugonga uti wa milima, hupanda, hupoa, na kumwaga sehemu kubwa ya mvua upande wa Karibi. Zikivuka kilele zinakuwa na masalia tu. Masalia hayo ndiyo yanayoshuka Boquete kama manyunyu membamba ambayo wenyeji huyaita bajareque.

Bajareque inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndani yake kuna somo zima la hali ya hewa. Ni Januari, mchana, kiangazi cha Panama. Nyanda za chini za David ni kavu na joto linawaka. Bondeni Boquete jua linaangaza, na papo hapo matone madogo mno yanapeperushwa na upepo kutoka upande wa milima, yakilowesha majani bila kutengeneza matope. Upinde wa mvua hutokea, hutoweka, na hutokea tena. Ukipanda kata za juu kama Los Naranjos, manyunyu yanakuwa mazito na baridi inaingia kwenye mifupa. Ukienda Alto Boquete, kilomita chache tu, ardhi ni kavu na upepo ni mkali. Tofauti ya hali ya hewa ambayo nchini kwingine ingekuchukua siku nzima ya safari, hapa huipata kwa mwendo wa nusu saa wa gari.

Kwa mkahawa hili lina maana kubwa. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Mei hadi Novemba. Kipindi kinachofuata, ambacho kingekuwa kikavu kabisa, kinalainishwa na manyunyu na mawingu, nayo matunda huiva taratibu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na tunda linaloiva polepole kwenye ubaridi hupata muda wa kujaza sukari na harufu. Udongo nao ni majivu ya volkeno: mwepesi, wenye vinyweleo vingi, unaohifadhi maji bila kuyatuamisha mizizini. Una kasoro yake pia, kwani hushikilia fosforasi kwa nguvu hivi kwamba mmea unaweza kukosa kirutubisho hicho hata kama kimo ardhini. Mkulima wa majivu ya volkeno popote duniani analijua tatizo hili hata kama halijui kwa jina.

Alexander von Humboldt, aliyesafiri Amerika ya tropiki kati ya 1799 na 1804, ndiye aliyewafundisha wanajiografia kusoma milima ya huko kwa ngazi: kila kimo na mimea yake. Wahispania wenyewe walikuwa na majina matatu, ardhi ya joto, ya wastani na ya baridi, nayo yanatumika hadi leo. Katika Chiriquí unaziona ngazi zote: migomba, miwa, mpunga na ng'ombe chini, kahawa na machungwa katikati, mboga, viazi na maua juu. Mwanafunzi akianza kwa kuchora mchoro mmoja wa mkato wa ardhi kutoka pwani ya Pasifiki hadi kilele cha Barú, atakuwa amefanya theluthi ya kazi.

Barabara moja

Theluthi ya pili ni uchukuzi. Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1826 nadharia ambayo kila kozi ya fani hii huianzia. Alifikiria mji mmoja katikati ya tambarare, akauliza: mkulima atapanda nini, kwa kutegemea umbali wake na soko? Jibu lake lilikuwa duara ndani ya duara. Maziwa na mboga zinazoharibika upesi hukaa karibu na mji, nafaka hukaa mbali, na mifugo mbali zaidi.

Panama inaipa nadharia hiyo mtihani mgumu. Walaji wengi wako Panama City, zaidi ya kilomita 400 mashariki mwa David. Kwa hesabu ya von Thünen, mboga zingelimwa jirani na jiji hilo. Lakini jirani na jiji kuna joto, na kabichi, karoti na viazi havitaki joto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mboga za nchi hutoka miteremko ya Barú, hasa Cerro Punta, upande wa pili wa mlima kutoka Boquete, ambako leo ni wilaya ya Tierras Altas. Kimo kimeushinda umbali, na gharama ya ushindi huo hulipwa kwa mafuta ya lori.

Boquete iliujua umuhimu wa usafiri mapema. Mwaka 1916, chini ya Rais Belisario Porras, reli ya Chiriquí ilifunguliwa, ikiunganisha bandari ya Pedregal, David na Boquete. Kabla ya hapo mazao yaliteremshwa kwa wanyama. Reli iliwapa wakulima wa bonde, wakiwemo walowezi kutoka Ulaya na Marekani, njia ya kupeleka kahawa na machungwa nje. Baadaye magari yalichukua nafasi yake, na leo kila kitu hushuka kwa lami kilomita 40 hivi hadi David, kisha hushika barabara kuu ya Amerika.

Neno la kushika hapa ni "barabara", kwa umoja. Mwezi Oktoba 2023 serikali ya Panama ilitia saini mkataba mpya wa mgodi wa shaba wa Cobre Panamá. Maandamano yalilipuka nchi nzima, na barabara kuu ikafungwa kwa wiki kadhaa mashariki mwa David. Mgodi wenyewe uko mkoa mwingine, mbali kabisa na Chiriquí. Hata hivyo mboga zilioza mashambani, gesi ya kupikia na mafuta vikaadimika mkoani, na wakulima ambao hawakuwahi kuuona mgodi huo wakapata hasara. Mahakama ya Juu ilibatilisha mkataba Novemba mwaka huo huo. Kwa mwanafunzi wetu, tukio hilo lina thamani kuliko sura nzima ya kitabu: linaonyesha kwamba udhaifu wa wilaya unaweza kukaa mahali ambapo ramani ya wilaya haiufikii.

Mbegu iliyopitia Lyamungu

Theluthi ya mwisho ni soko na watu wake. Panama ni nchi ya huduma: mfereji, mabenki, meli, biashara ya kupitisha bidhaa. Kilimo huchangia sehemu ndogo sana ya pato la taifa. Katika kahawa, Panama ni mzalishaji mdogo, na Tanzania huvuna mara kadhaa zaidi yake. Tena nchi hiyo imetumia dola ya Marekani tangu 1904 kando ya balboa yake, ambayo kwa vitendo ni sarafu za chuma tu. Jambo hili lina uzito kwa mkulima. Nchi yenye sarafu yake inaweza kuishusha thamani ili bidhaa zake ziwe nafuu nje. Panama haina hirizi hiyo. Mishahara yake pia iko juu kuliko ya majirani kama Honduras na Nikaragua. Kwa hiyo kushindana kwa wingi na kwa unafuu ni kazi bure.

Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza kahawa ulivunjika. Bei zikaanguka, na kufikia 2001 arabika iliuzwa New York chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Wakulima wa Boquete walikuwa na njia mbili: kung'oa mikahawa au kutafuta soko linalolipa kwa ladha. Waliochagua njia ya pili walijiunga katika chama cha kahawa maalumu na kuanzisha mashindano ya Best of Panama, ambapo waonjaji hupima kahawa kwa alama na kahawa bora kupigwa mnada.

Hapo ndipo inapoingia Geisha. Aina hii ilikusanywa katika misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia miaka ya 1930, ikapitia vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki, kikiwemo Lyamungu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako leo ndiyo makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania, TaCRI. Mwaka 1953 mbegu kutoka Lyamungu zilipokelewa Turrialba, Costa Rica, katika kituo ambacho leo ni CATIE, zikaandikwa kwa namba T2722. Wakati huo watafiti walivutiwa na uwezo wake wa kustahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Hakuna aliyezungumzia ladha. Katika miaka ya 1960 mbegu hizo ziligawiwa Panama, na Francisco Serracín, mkulima wa Boquete aliyejulikana kwa jina la Don Pachí, anatajwa kuwa ndiye aliyezileta wilayani.

Wakulima hawakuipenda. Matawi yake hukatika kwa urahisi, mazao yake ni machache, na ikipandwa mashamba ya chini kikombe chake hakina la kusifiwa. Ikaachwa pembezoni kwa takriban miaka 40. Familia ya Peterson, wenye shamba la Hacienda La Esmeralda, ilinunua miaka ya 1990 ardhi ya juu zaidi upande wa Jaramillo. Shamba hilo liliposhambuliwa na ugonjwa wa ukungu uitwao ojo de gallo, waliona kwamba Geisha inavumilia kuliko nyingine, wakaipanda mahali pa juu kuliko ilivyozoeleka. Baadaye walitenganisha mavuno ya kila kipande cha shamba na kuyaonja peke yake, badala ya kuyachanganya yote gunia moja. Kipande kimoja kilikuwa na harufu ya maua na ladha ya limau ambayo waonjaji hawakuitegemea kutoka Panama. Mwaka 2004 kahawa hiyo ilishinda mashindano na kuuzwa dola 21 kwa ratili, rekodi ya wakati huo. Mwaka 2007 ilifika dola 130. Agosti 2025, kilo 20 za Geisha kutoka shamba hilo hilo zilinunuliwa na kampuni ya Dubai kwa dola 30,204 kwa kilo moja, mwaka ambao arabika ya kawaida iliuzwa New York chini ya dola 10 kwa kilo.

Mwanafunzi asipumbazwe na namba hiyo. Ni kilo 20. Bei ya mnada hutangaza jina la mahali, na jina hilo huwasaidia wengine kupandisha bei kidogo, lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Boquete haifiki hata karibu na kiwango hicho. Wachumi tangu David Ricardo wamefundisha kwamba ardhi yenye sifa isiyopatikana kwingine humletea mwenyewe faida ambayo jasho peke yake haliwezi kuileta. Swali la kuuliza mbele ya kila rekodi ya bei ni: faida hiyo inaishia mfukoni mwa nani?

Kuna swali jingine, nalo linatuhusu sisi. Mbegu ile ile ilikuwa Lyamungu kabla ya kufika Boquete. Kwa nini utajiri wake ulichipukia huko? Jibu la haraka ni kimo na manyunyu, lakini Kilimanjaro ina vyote viwili. Jibu kamili zaidi linagusa umiliki na uuzaji. Mkulima wa Jaramillo aliweza kutenganisha kipande kimoja cha shamba, kukikausha peke yake, kukionja na kukiuza kwa jina lake mwenyewe. Pale ambapo kahawa ya wakulima wengi wadogo huchanganywa, ikapewa daraja na kuuzwa kwa kundi, kipande cha ajabu humezwa na wastani. Asili iliweka uwezekano sehemu zote mbili. Mpangilio wa soko ndio uliouamsha mahali pamoja na kuuacha ukilala pengine.

Debe la mchumaji

Mavuno huanza Oktoba mashamba ya chini na kupanda mlima hadi Machi, pengine Aprili, kwenye mashamba ya juu. Wanaochuma kwa sehemu kubwa ni Wangäbe, watu wa asili ambao pamoja na Wabuglé wana eneo lao la utawala, Comarca Ngäbe-Buglé, lililoundwa kwa sheria ya 1997 kutoka vipande vya mikoa ya Chiriquí, Bocas del Toro na Veraguas. Comarca hiyo inapakana na ukanda huu wa kahawa, na ndilo eneo maskini kuliko yote Panama. Kipimo cha serikali cha umaskini wa mambo mengi kilichotolewa 2017 kilikuta zaidi ya watu 9 kati ya 10 huko wakiwa ndani ya umaskini huo.

Familia huja nzima. Baba, mama mwenye gauni refu la rangi kali lililopambwa kwa pembetatu, vijana, na watoto wadogo waliobebwa. Wengine hubeba vitu vyao katika chácara, mfuko wa kusuka kwa nyuzi za mmea unaotundikwa kwa mkanda kichwani. Mchumaji hufunga kikapu kiunoni, hushika tawi kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili huzungusha tunda moja moja hadi litoke bila kikonyo. Jekundu linaingia kikapuni. Lenye kijani linaachwa kwa mzunguko ujao. Mteremko ni mkali kiasi kwamba mguu mmoja huwa juu ya mwingine siku nzima, na manyunyu hufanya udongo uteleze. Jioni kila mtu humimina alichochuma kwenye debe, msimamizi husawazisha juu, na hesabu huandikwa. Aliyewahi kuchuma kahawa Nyeri au Moshi hahitaji kuelezwa zaidi.

Malipo kwa debe yana mantiki yake na dhuluma yake. Kahawa ya kawaida humruhusu mchumaji kwenda kasi. Geisha humlazimisha kuchagua, mti una matunda machache, na debe huchelewa kujaa. Ndiyo maana mashamba mengi hulipa debe la Geisha zaidi au hulipa kwa siku. Bado, umbali kati ya malipo hayo na bei ya mnada ni mkubwa, nao ni mada halali ya utafiti.

Fikiria pia kalenda. Mwaka wa shule Panama huanza Machi na kumalizika Desemba. Katikati ya mavuno huangukia likizo, lakini mwanzo wake hugongana na miezi ya mwisho ya masomo. Mtoto anayefuatana na wazazi Oktoba hukosa mitihani. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini umaskini hurithiwa aanze kwa kuziweka kalenda hizi mbili sambamba, ya mkahawa na ya darasa. Tena Wangäbe hawaishii Boquete. Maelfu huvuka mpaka kwenda kuchuma Costa Rica, na janga la korona lilipofunga mpaka mwaka 2020, serikali za nchi zote mbili zililazimika kupanga namna ya kuwavusha, kwa sababu bila wao matunda yangeanguka chini.

Ardhi yenye wanunuzi wawili

Mwaka 2001 jarida la chama cha wastaafu cha Marekani liliitaja Boquete miongoni mwa mahali pazuri duniani pa kuishi baada ya kustaafu. Sheria ya Panama ilikuwa tayari inawapa wastaafu wa kigeni ukaazi na punguzo la gharama nyingi, na dola ilikuwa ile ile waliyoizoea. Wakaja Wamarekani, Wakanada na Wazungu wengine. Majumba yenye uzio yakajengwa, migahawa ikafunguliwa, na ishara za barabarani zikaanza kuandikwa lugha mbili.

Kiuchumi, jambo la msingi ni kwamba ardhi ya mteremko ilipata mnunuzi wa pili. Mkulima huipima kwa magunia itakayotoa. Mstaafu huipima kwa mandhari na baridi ya usiku. Hali ya hewa inayolea kahawa nzuri ndiyo hiyo hiyo inayomvutia mstaafu, kwa hiyo wanagombea kipande kimoja. Kazi za ujenzi, bustani na hoteli zimeongezeka, na vijana wengi wa wilaya wanazipendelea kuliko shamba. Kwa upande wa pili, mwana wa mkulima mdogo anayetaka kiwanja anakuta bei iliyopangwa na pensheni ya nchi nyingine. Wengine walikuwa na mashamba, wakauza, na sasa ni wapangaji.

Maji yanaongeza mdai wa tatu. Mto Caldera na vijito vyake humwagilia mashamba, hupeleka maji majumbani, na huendesha mitambo ya umeme ya La Estrella na Los Valles. Mto huo huo una hasira. Mafuriko ya Novemba 2008 yalivunja madaraja na nyumba zilizojengwa karibu na kingo. Novemba 2020, masalia ya vimbunga Eta na Iota yalileta maporomoko katika nyanda za juu za Chiriquí na kuua watu. Joto nalo linapanda, na wadudu na kutu ya majani vinapanda nalo mlimani. Mlipuko wa kutu wa 2012 na 2013 ulipitia karibu Amerika ya Kati yote. Mkulima angeweza kupandisha shamba juu, lakini juu ya mashamba kuna msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Volcán Barú, uliolindwa tangu 1976, na msitu huo ndio unaokamata manyunyu yanayolisha mito. Mlima una mwisho, na hesabu ya nafasi iliyobaki inaweza kufanywa leo.

Namna ya kuanza

Anayetaka kuingia katika fani hii hahitaji vifaa vya gharama. Anahitaji ramani ya mwinuko, kalenda, daftari la bei, na ujasiri wa kuuliza watu maswali ya fedha kwa adabu. Kwanza, achore mkato wa ardhi na aandike nini kinapandwa kila kimo. Pili, aweke kalenda za mvua, mavuno, shule na mikopo kwenye ukurasa mmoja na atazame zinagongana wapi. Tatu, afuate zao moja kutoka mtini hadi kikombeni, akiandika kila mahali linapobadilisha mikono na kiasi kinachobaki kwa kila mkono. Nne, aulize ardhi ni ya nani na nani mwingine anaitaka. Tano, kila anapopata jibu linalotaja asili, yaani udongo, mvua au kimo, aulize ni utaratibu gani wa watu ulioigeuza asili hiyo kuwa fedha.

Kazi inayosubiri ni nyingi. Hatuna ulinganisho wa kutosha, kwa Kiswahili, kati ya wilaya za kahawa za pande hizi mbili za dunia, ingawa zimeunganishwa na mbegu moja. Mtu wa Rombo, Mbinga au Kirinyaga atakayezisoma takwimu za Boquete atakuwa na faida ambayo mtafiti wa ofisini hana: anajua debe lililojaa lina uzito gani begani, na anajua mwezi gani nyumba hukosa fedha. Aichukue faida hiyo kama nyenzo ya utaalamu, aende nayo kwenye ramani, na asikubali jibu lolote kuhusu wilaya ya wakulima ambalo halimtaji mchumaji.